Meli ya Kahiga na Maji ya Kiuu

Sehemu ya Saba

Njiti ya kwanza ilikatika.

Hiyo tu, msomaji. Njiti moja mbovu ya kiberiti, na ndiyo maana hadithi hii bado ina watu wa kuishi ndani yake.

Mzee Wanyoike, mlinzi wa yadi ya Kahiga pale Ruiru, alikitupa kile kipande akatoa njiti ya pili. Sigara ilikuwa mdomoni tayari. Hakuwa ameona kitu kilichokuwa kikitambaa nyuma yake, cheusi, kizito, kikitoka chini ya lori la mafuta hadi kwenye visigino vyake.

Hayat, aliyekuwa akipita kwenda kazini, alikuwa amekiona. Alikuwa hatua nane kutoka kwake. Kisha nne. Kisha akamrukia.

"Guka, babu, usiwashe!"

Kiberiti kiliruka kikaanguka matopeni. Mzee alipepesuka, akashika ukuta.

"Haiya! Msichana huyu amerukwa na akili? Unanigonga hivyo kwani mimi ni mbuzi?"

"Nusa, guka. Nusa kwanza, halafu unitukane."

Mzee Wanyoike alinusa. Sigara ilimdondoka yenyewe.

"Ngai, Mungu wangu," alisema kwa sauti ndogo. "Meli inavuja."

Meli ndilo jina ambalo Ruiru nzima ilikuwa imelipatia lori lile. Lilitoka kaskazini likiwa limejaa mafuta ghafi, likielekea Mombasa, ekseli ikavunjika. Mafundi wa Kahiga walilivuta hadi yadini, wakang'oa magurudumu yote ya nyuma na kuliweka juu ya mawe. Wiki tatu sasa halijasogea hata inchi moja. Vijana wa stendi walikuwa wakilicheka: Meli ya Kahiga imetia nanga, nahodha anangoja bahari ije Ruiru.

Leo hakuna aliyecheka. Mafuta yalikuwa yameshafika kwenye mtaro. Mtaro ule unaingia kijito cha Gathara. Na kilomita moja chini yake, geti huingiza sehemu ya Gathara kwenye maji ya Kiuu, mradi wa maji wa mtaa.

Maji ya Kiuu ndiyo yaliyomtoa Hayat nyumbani kila siku alfajiri. Baba yake, marehemu Samir, aliyajenga pamoja na majirani kwa miaka sita, Waislamu na Wakristo, wakibeba mawe kila Jumamosi. Walijenga chujio la mchanga, bwawa la saruji lenye mchanga wa kina cha mita moja na nusu, ambao husafisha maji polepole bila umeme wala dawa. Mchanga ule una uhai ndani yake. Mafuta yakiuingia, unakufa. Na ukifa, nyumba mia nne zinarudi kununua maji ya mkokoteni yasiyojulikana yametoka wapi.

"Usiache mchanga ufe," Samir alimwambia binti yake siku mbili kabla ya kufariki. Hayat alikubali kwa kichwa.

Sasa alitoa simu.

"Ndung'u! Funga geti la kijito. Sasa hivi!"

"Niaje, bosi," alijibu Ndung'u, mfanyakazi mwenzake kule kwenye chujio. "Hata chai sijakunywa."

"Hata mimi sijakunywa. Jiko la mama sikulikuta nilipoamka. Funga geti, Ndung'u, mafuta yanakuja!"

Alisikia hatua zikikimbia, kisha mlio wa chuma.

"Limefungwa."

Alimpigia afisa wa mazingira, kisha Kahiga.

"Niko Ngoingwa, nakuja," alisema mwenye yadi. "Nipe dakika ishirini. Lakini msichana wangu, usiite watu wa serikali. Tutamalizana wenyewe."

"Nimeshamwita afisa wa mazingira. Anaitwa Kaleli. Amesema anakuja kwa sababu ni mimi niliyepiga."

Simu ilikatwa. Na ilikuwa kweli, msomaji. Kaleli alikuwa amefanya kazi na wengi, lakini alisema hadharani kwamba neno la Hayat halihitaji shahidi. Likumbuke hilo. Litatuumiza baadaye.

"Nani ana mbao? Nani ana tambaa?"

Sauti ile ilimfanya Hayat ageuke. Kaka yake Sele alikuwa amesimama langoni, glavu za kuchomelea vyuma mikononi, akihema. Hakuuliza kuna nini. Alipita moja kwa moja akajilaza kifudifudi, akatambaa chini ya Meli.

"Sele, toka huko! Gesi yake inaua!"

"Nipe sabuni ya kipande! Na kabari ya mbao!"

Mzee Wanyoike alikimbilia kibandani kwake akarudi na sabuni yake ya kufulia, kabari, tambaa na nyundo ya mbao. Mafundi wa lori wanaijua mbinu hii: tangi likitoboka, unakanda sabuni ngumu kwenye ufa, unagongea kabari juu, unafunga kwa tambaa. Mafuta hayaiyeyushi sabuni.

Dakika zilipita. Walisikia akikohoa. Walisikia nyundo ya mbao, kisha kimya, kisha kitu kikikwaruza sakafu kana kwamba kinasukumwa, kisha nyundo tena.

Sele alitoka huku macho yakimvuja machozi, shati limekuwa jeusi kifuani. Kule chini, mvujo ulikuwa umekatika kabisa.

Nje ya ua wa mabati wanawake walikuwa wamejaa. Mbele yao alisimama Rachael, ambaye watu wote humwita Mama Lenny, mwenyekiti wa chama cha akina mama wanaotengeneza sabuni ya maji. Alipiga makofi.

"Kumbe sabuni ndiyo dawa yake!" alisema. "Mmeona, wasichana? Sabuni!"

Hayat hakumsikia vizuri. Alikuwa ameshakimbilia kijitoni. Laiti angemsikia.

*

Kule kijitoni alikuta kitu ambacho hakukitarajia. Tumaini.

Ilikuwa Julai, na maji ya Gathara yalikuwa baridi ya kuuma mifupa. Mafuta yale yalikuwa na nta nyingi. Yalipogusa maji yaliganda, yakawa mabonge meusi, kama mafuta ya supu yanavyoganda sufuria ikiachwa nje usiku kucha.

"Yanaokotwa!" Hayat alipiga kelele. "Jamani, yanaokotwa kwa mkono! Lakini vaeni mifuko ya plastiki!"

Palihitajika kizuizi. Muuza vitunguu alitoa neti zake zote. Sele alikodi tuktuk hadi kiwanda cha kahawa, akarudi na magunia kumi na mawili ya maganda makavu. Kila mfuga kuku wa Ruiru anajua jinsi maganda yale yanavyofyonza. Walijaza neti, wakazishona kwa kamba, wakaziunga zikawa joka moja refu, wakalilaza juu ya maji kutoka ukingo hadi ukingo, penye daraja la miguu.

Mabonge yalifika, yakagonga joka, yakasimama.

Watu walishangilia. Wengine waliingia majini na ungo, wengine na beseni. Mwashi mmoja alikuja na karai. Fundi cherehani ambaye hakuwahi kuonekana akishika jembe alikuwa ndani ya maji hadi kiunoni, akitetemeka, akiokota.

"Wewe si uliniambia unaogopa hata kuoga?" mtu alimtania.

"Hapa siogi, naokoa nchi."

Kufikia saa nne walikuwa wamejaza mapipa saba. Hayat alisimama juu ya daraja akawatazama. Shuleni alikuwa amefundishwa mambo mengi kuhusu watu na mito, mengi ya kukatisha tamaa. Hakuna aliyemfundisha kuhusu fundi cherehani yule.

Sele alifanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Hakupumzika. Hakunywa maji. Hakuvua glavu.

Ndipo wazo likamjia Hayat, dogo, baridi.

"Kaka," alisema. "Kama mafuta haya yanaganda hivi kwa baridi, yalitokaje ndani ya tangi? Yamelala pale wiki tatu. Yalipaswa kuwa magumu kama mshumaa."

Sele hakuinua kichwa.

"Shika neti, Hayat."

"Nauliza tu."

"Uliza baadaye! Shika neti!"

Sele hakuwa amewahi kumkaripia hivyo tangu baba yao azikwe. Hayat alishika neti.

Na hapo, juu ya kijito, povu la kwanza lilitokea.

*

Lilikuwa jeupe, jepesi, zuri hata. Lilikuja likizunguka kama pamba. Hayat alilitazama bila kuelewa. Kisha akaona kundi lingine, kubwa zaidi, na mvuke ukipanda nyuma ya kona.

Alikimbia.

Kwenye kona, wanawake kumi walikuwa wamewasha mioto mitatu. Sufuria za sherehe zilikuwa zikichemka. Wawili walimimina maji ya moto kijitoni, na Mama Lenny, kanga imefungwa kiunoni, alikuwa akimwaga sabuni ya chama kutoka dumu la lita ishirini. Madumu matano matupu yalilala majanini.

"Mama Lenny, acha! Acheni wote!"

"Usijali, mwanangu," alisema Mama Lenny, jasho likimtoka, uso umejaa furaha ya mtu anayejitolea. "Nyinyi vijana mmeokota vya kutosha. Hii stoo yote tumeitoa. Hatutaki shukrani."

"Mama, maji ya moto yanayayeyusha!"

"Si ndiyo tunataka? Kwani wewe uliosha sufuria ya nyama kwa maji baridi lini?"

Wanawake walicheka. Hayat hakuwa na pumzi ya kueleza. Alimshika Mama Lenny mkono, akamvuta hadi kwenye daraja, akamwonyesha kwa kidole.

Mabonge yalikuwa yamelainika. Sabuni ilikuwa imeyavunja vipande vidogo kuliko punje za mchele, na vipande vile havikuelea tena. Vilizama kidogo, vikapita chini ya joka la maganda, vikaendelea na safari. Juu yake, povu jeupe. Fundi cherehani alikuwa amesimama na ungo mtupu, akiangalia kazi ya saa tatu ikipita katikati ya miguu yake.

Sufuria huoshwa na maji ya uchafu yakamwagwa mbali. Kijito hakina mahali pa kumwagwa isipokuwa kwenye vikombe vya watu.

Mama Lenny alielewa. Aliketi chini palepale, matopeni.

"Mimi nilitaka kusaidia," alisema. "Woi. Hayat, mimi nilitaka tu kusaidia."

"Najua, mama."

"Tumetumia sabuni yote."

"Najua." Hayat alichuchumaa akamfuta uso kwa mkono wake wa shati. "Sikiliza. Geti limefungwa. Mafuta yatapita, yataumiza samaki na mashamba ya huko chini, na hilo tutalilia. Lakini chujio liko salama. Geti limefungwa."

Alikuwa bado anasema hivyo waliposikia mluzi.

Ndung'u alikuwa akija kwa njia ya ukingoni, mikono mfukoni, akipiga mluzi wa wimbo wa kanisani.

"Bosi!" aliita kutoka mbali. "Kazi safi! Aki mmesafisha! Maji yamefika kule meupe pe, povu tu, hata yananukia ndimu. Na watu walikuwa wananisumbua na simu, ati maji kwenye mifereji ya nyumbani yamepungua. Nimewafungulia."

Hayat alianza kukimbia.

"Nini?" Ndung'u alisema. Mluzi ulikuwa umemwishia mdomoni. "Kwani nimefanya nini?"

*

Hayat alifika kwanza. Aligeuza usukani wa geti hadi viganja vikachubuka, chuma kikalia, maji yakakatika.

Aliingia ndani ya chujio na viatu vyake, kitu ambacho baba yake hakumruhusu mtu yeyote kufanya. Maji yalimfika magotini. Aliinama, akachota mchanga, akaupandisha kwenye mwanga.

Ulikuwa unang'aa.

Alichimba zaidi, hadi kiwiko. Mchanga wa chini ulikuwa vilevile, umevaa ngozi nyembamba nyeusi, na ulinuka petroli na ndimu.

Mchanga ulikuwa umekufa.

"Dakika ngapi?" aliuliza.

"Ishirini," Ndung'u alisema. Alikuwa analia waziwazi, kijana mkubwa vile. "Hayat, niliona meupe. Naapa niliona meupe."

Maji ya dakika ishirini yalikuwa yameshaingia kwenye tangi kuu. Ndani ya tangi lile mlikuwa na akiba ya nyumba mia nne, na sasa yote yamechanganyika.

"Sele," Hayat alimwambia kaka yake, aliyekuwa amemfuata, bila kugeuka. "Fungua bomba la chini. Yamwage yote."

"Yote?"

"Yote. Ndung'u, kimbia msikitini, waombe kipaza sauti. Halafu kanisani, wagonge kengele. Mtu yeyote asinywe, asipike, asimwogeshe mtoto."

Sele alifungua. Maji ya Samir yalitoka kwa kishindo, yakaingia majanini, na yakaendelea kutoka kwa muda mrefu sana. Kutoka upande wa msikiti ilisikika sauti ya Ndung'u ikikwaruza kwenye kipaza sauti, ikirudia neno moja: msinywe, msinywe, msinywe.

Hayat alikaa ukingoni mwa chujio, miguu ndani. Miaka sita ya mawe. Dakika ishirini.

Saa saba, gari la afisa Kaleli lilisimama barabarani. Alikuwa ameshapita yadini, ambako Kahiga hakuwa ameonekana bado. Alikuja akiwa na daftari, na nyuma yake mzee Wanyoike amebeba kitu kilichofunikwa kwa gunia.

"Pole, dada," Kaleli alisema, na alimaanisha. Alitazama mchanga, akatikisa kichwa. "Nitasema wazi. Mafuta haya hayatoki yenyewe kwenye baridi hii. Mtu aliyapasha moto. Alfajiri ya leo mtu alifungua valvu ili aibe, akaweka moto chini yake yayeyuke, valvu ikamvunjikia. Huyo ndiye aliyeua maji yenu. Si huyu kijana wa geti, si wale akina mama."

"Mimi nilisinzia kidogo tu," mzee Wanyoike alisema. "Sitasema uongo. Kidogo tu."

"Tumepata hiki chini ya lori, makaa yamezimwa kwa matope. Kilikuwa kimesukumwa nyuma ya jiwe, ndani kabisa."

Mzee aliondoa gunia.

Lilikuwa jiko la makaa, lililotengenezwa kwa ringi ya gari. Miguu mitatu. Miwili ilikuwa ya nondo. Wa tatu ulikuwa bolti kubwa iliyopinda, kwa sababu mguu wa zamani ulivunjika Hayat akiwa darasa la nne, na baba yake akaibandika bolti ile jioni moja huku akiimba.

Lilikuwa jiko la mama yake.

Hakutaka kumtazama kaka yake. Alimtazama. Sele alikuwa amesimama kando ya bomba, na mwishowe, msomaji, alikuwa amevua glavu. Kiganja cha kulia kilikuwa kimebabuka, chekundu, maji ya malengelenge yakimeta. Aliuficha mkono mfukoni taratibu. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyekuwa akizama tangu asubuhi na hakuna aliyegundua.

Alikuja mbio bila kuuliza kuna nini. Alitambaa chini ya gesi ile. Alifanya kazi kama mtu anayefukuzwa.

"Dada Hayat," Kaleli alisema, kalamu juu ya karatasi. "Wewe unaijua kila nyumba hapa Kiuu, unaingia kusoma mita. Nikiandika neno lako, sina haja ya kuuliza mtu mwingine. Jiko hili unalijua?"

Maji yalikuwa bado yanatoka kwenye bomba. Yalikuwa yamepungua, yakawa uzi tu.

Kama angesema ndiyo, kaka yake angefungwa jioni hiyo hiyo. Kama angesema hapana, mchanga wa baba yake ungekuwa umekufa bila mtu wa kuulizwa.

"Silijui," alisema Hayat.

Ulikuwa uongo wake wa kwanza, na ulitoka kwa urahisi uliomtisha.

Kaleli aliandika. Alipiga mstari chini yake.

Njiani, wanawake walikuwa wakipanda na vyombo vitupu, kwa sababu mifereji ilikuwa imekauka na walitaka kujua kwa nini. Aliyetangulia alikuwa bibi mfupi mwenye buibui iliyochakaa na dumu la njano mkononi. Alikuwa Mishi, mama yao. Aliwaona watoto wake wawili, akatabasamu. Kisha akaona kilichokuwa chini miguuni pa afisa, na tabasamu likawa kicheko.

"Alhamdulillahi! Si hili hapa jiko langu?" Aliweka dumu chini, akaligeuza jiko, akaipapasa ile bolti kwa kidole gumba. "Lenyewe kabisa, na mguu wa marehemu. Sele, baba, si nilikuuliza alfajiri unaenda nalo wapi, ukaniambia unaenda kuliziba?"